Sauti ya Mbega na Moto wa Ng'ambo

Paukwa!

Pakawa!

Haya sogeeni, wakubwa kwa wadogo, mnipe masikio.

Hapo zamani za kale palikuwa na bonde pana, sauti ya mnyama ilifia katikati. Mbega wakajipanga juu ya miti, toka huku mpaka ng'ambo. Ukimpa wa kwanza neno, anapaza: roo. Wa pili naye: roo. Mpaka linafika. La Tembo linapita, la Siafu linapita. Aliyetangulia kufika ndiye aliyetangulia kusemewa.

Siku moja Mbega Mkuu akaita baraza. "Jamani, makoo yanatuwasha. Tembo ndiye anayetuangushia majani mabichi ya kuyatuliza. Basi maneno ya Tembo yatangulie."

Kanga akadakia, "Na sisi tusio na mkonga?"

"Yenu yatapita, bibi Kanga. Polepole tu."

Pimbi alikaa kati yao. Mbega akisema, Pimbi anaona ni kweli, koo linawasha. Kanga akisema, anaona ni kweli pia, njia ni ya wote. Kichwa kikamzunguka. Walipoitwa wa upande wa Mbega, akanyoosha mkono. Walipoitwa wa upande wa Kanga, akanyoosha tena.

"Wewe Pimbi, uko wapi?" Kanga akauliza.

"Dada, hata mimi najitafuta."

Rai ya Mbega ikashinda.

Kiangazi kikaingia. Pimbi akaona moto wa nyika unakwenda ng'ambo, fu, fu, fu. Na ng'ambo ndiko alikokaa mama yake, asiyeona. Akakimbia kwa Mbega wa kwanza.

"Kaka, waambie wa ng'ambo moto unakuja."

Mbega akafungua kinywa. Mara huko mtoni Tembo akapiga mkonga: praaa. Mbega akanyamaza, akasikiliza.

"Ngoja, Pimbi. Tembo anamsimulia mwanawe aliye ng'ambo alivyooga topeni."

"Kaka, moto."

"Hajamaliza. Sasa ndio anajipaka mgongo."

Roo, tope. Roo, mgongo. Pimbi akalia, akamwomba Mola, akangoja. Neno lake lilipopita, nyasi za ng'ambo zilikuwa zimeshika moto. Mama yake alijipenyeza kwenye ufa wa jiwe, akatoka hai, manyoya yameungua. Mtoto wa Tembo hakutoka. Alikuwa amesimama, anasikiliza habari za tope.

Tembo akaja kwa Mbega, machozi yanamtoka. "Mbona hamkunikatiza?"

"Majani yako tulishakula, bwana."

Pimbi akainama. "Mola nisamehe, na mkono wangu ulikuwemo." Makoo ya Mbega yatulizwe kwa kitu gani, hakujua, na mpaka leo hajui. Akajua hili tu: njia ya wote akipewa mmoja aitangulie, siku ya moto hata yeye haimwokoi.

Hadithi yangu imefika hapo, nayo hapo ikaishia.