Hatua ya Boga

"Paukwa?"
"Pakawa."
"Pakawa nini?"
"Pakawa ghala."

Na kwenye ghala pakawa na Kiboko. Wewe huko nyuma, acha kutafuna, unanivurugia.

Basi, mazao hayakuingia ghalani mpaka yapangwe mstari, dogo mbele, kubwa nyuma. Kazi hiyo Kiboko aliwapa jamaa zake. Mjomba wake alipanga maboga, shemeji alipanga mayai, binamu alipanga njugu. Kila mmoja alimtoza mwenye mali nusu, akampelekea Kiboko, naye akabakiziwa fungu dogo.

"Mpanga maboga hapangi mayai," Kiboko alisema. "Kila kitu na fundi wake."

Kuchakuro, yule kindi mdogo, alikuwa na kikapu kimoja cha njugu, watoto wanne, na kiangazi kilikuwa mlangoni. Akitoa nusu, watoto hawafiki masika. Aliogopa, lakini akapiga moyo konde.

"Mimi napanga chochote," akasema. "Mbinu ni moja tu."

"Nionyeshe," Kiboko akasema.

Kuchakuro akachagua maboga, tena makusudi. Akaruka juu ya mstari, tii, tii, tii, kila hatua upana wa boga moja. Kila akitua anamuuliza mwenye mali, "Kati ya haya mawili, lipi litangulie?" Akijibiwa, anabadilisha au anaacha. Mstari ukanyooka.

"Kumbe ni kuruka na kuuliza," Kiboko akasema. "Tangu leo mbinu ni yangu, na nusu zote ni zangu."

"Sawa, mzee. Nikumalizie habari ya upana?"

"Nimeona yote. Kaa kando."

Kuchakuro akakaa kando.

Kiboko akaenda kwenye mayai ya Mbuni, maana alipenda mayai. Akaruka, tii, hatua ileile ya boga. Pwaa, katikati ya yai. Akaruka tena. Pwaa.

Akamgeukia Mbuni. "Kati ya haya mawili, lipi litangulie?"

Mbuni akatazama ute unavyochuruzika.

"Utangulie wewe," akasema, akampiga teke moja hadi mtoni. Jamaa wakamfuata wenyewe.

Kuchakuro akapanga njugu zake, ti ti ti, hatua ya njugu. Zikaingia ghalani zote. Kisha akapanga mayai yaliyosalia, hatua ya yai.

Ngano yangu imeishia hapo, mwenye yake aianike. Nayo yatufunza kwamba kila kitu na fundi wake, na mpanga maboga asiguse mayai. Msinitazame hivyo. Mafunzo huyatoa Kiboko, hata akiwa huko mtoni, mimi nimetumwa tu.