Kwa Nini Kichwa cha Treni Ndogo ni Kitupu

Kulikuwa na siku, na siku hizo zimekwishapita, ambapo kila treni ya kuchezea ilivutwa na kichwa chake. Kichwa kilikuwa kizito, na tumboni mwake kilibeba nguvu zote: mwanzoni springi ya chuma iliyokazwa kwa ufunguo, baadaye betri nene kama mkono wa mtoto. Mabehewa yalifuata nyuma, matupu, yakipiga kelele. Mtu aliyetaka kujua kama treni ni nzima alikipima kichwa kiganjani. Kikiwa kizito, alinunua. Kikiwa chepesi, alikirudisha rafuni.

Siku hizo, nchini Japani, palikuwa na mtaa ulioitwa Orizaka. Ulipanda kilima kwa njia moja nyembamba, kutoka stesheni hadi kwenye misonobari. Watu wa Orizaka hawakulima wala hawakuvua, walitengeneza treni. Nyumba za chini zilikata bati, za katikati zilikunja na kupaka rangi, na katika nyumba ya juu kabisa aliishi Mzee Genzo, fundi wa vichwa. Aliishi na mkewe Isuzu, mkwe wao Towa, na Kinu, mjukuu ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Bati lilipandishwa kutoka stesheni kwa mkokoteni, na mkokoteni ulikuwa na utaratibu wake. Mume alikaa mbele, akashika mikono ya mkokoteni. Mke alikaa nyuma, akasukuma. Ndivyo walivyofanya wazazi wao, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mume alikwenda kifua mbele, akisalimia kila mlango. Mke alikwenda kichwa chini, akiyatazama mawe ya njia. Isuzu alikuwa ameyatazama mawe hayo tangu alipoolewa, na aliyajua moja moja.

Kisha mambo yakabadilika mjini. Watu walikuwa wengi na vyumba vilikuwa vidogo. Katika chumba kimoja cha mikeka, familia ilikula, ikashona, ikafanya hesabu za shule, halafu ikakunja meza na kutandika magodoro pale pale. Treni kubwa ya bati ingepita wapi? Wazazi walisema magurudumu yake yanachana mikeka, nao hawakusema uongo. Maduka yakaacha kuagiza. Mikokoteni ya Orizaka ikaanza kushuka mitupu na kupanda mitupu. Familia moja ikafunga mlango na kuhamia mjini kutafuta kazi, kisha nyingine. Tamotsu, mwana wa Isuzu, naye akaenda, akapata kazi kwenye tanuru la chuma na kitanda katika bweni la wafanyakazi. Alimwachia mkewe Towa neno moja: kama biashara ya treni haitarudi, yeye na mtoto wamfuate.

Ndipo Bwana Kuze, mfanyabiashara wa mjini, alipotuma ujumbe. Alitaka treni mpya, ndogo kuliko zote zilizowahi kuundwa. Itumie betri moja tu, nyembamba. Izunguke juu ya meza ya duara ya kulia chakula, wakati vyombo vimeondolewa na magodoro bado hayajatandikwa. Angekuja mwenyewe kuitazama. Isipozunguka, angetafuta mafundi kwingine.

Mzee Genzo alifurahi kama kijana. Akakipunguza kichwa hadi kikawa na urefu wa kidole. Akakitia dohani, kengele, na madirisha ambayo sisimizi angeweza kuchungulia. Kilikuwa kizuri mno. Lakini mzee alikuwa fundi wa zamani, na betri akaiweka pale alipoiweka siku zote, ndani ya kichwa, pamoja na mota. Kichwa kikavimba juu na kukaa juu ya reli kama mlevi juu ya farasi. Penye mstari ulionyooka kilikwenda. Penye kona kilipinduka, na kwenye meza ya duara hakuna mahali pasipo kona.

Kilianguka ndani ya bakuli la achari ya figili. Mzee akakifuta, akakirudisha. Kikaanguka kwenye chai.

"Kina kiu," Isuzu alisema.

Mzee hakucheka. "Nitapunguza ukubwa wa magurudumu," alisema. Akapunguza magurudumu, nacho kikaanguka upande wa pili.

Isuzu hakuwa akikitazama kichwa. Alikuwa akitazama mlango, ambapo Towa alikuwa ameanza kufunga furushi. Halikuwa limefungwa kabisa. Kila jioni lilikuwa limenenepa kidogo: leo nguo za mtoto, kesho chungu kidogo cha uji. Isuzu hakuthubutu kuligusa. Alikuwa akimwogesha Kinu kila siku tangu siku ile alipozaliwa, na mikono yake ilikuwa imekwisha kuujua uzito wa yule mtoto jinsi mikono ya Genzo ilivyojua uzito wa vichwa. Alijiuliza mikono hiyo ingefanya nini nyumba ikiwa kimya.

Asubuhi ya siku ya mgeni, wazee hao wawili walipandisha bati la mwisho lililosalia stesheni. Genzo alikuwa mbele, Isuzu nyuma. Walipofika penye kona kali, jirani yao Bunji alitoa kichwa dirishani.

"Genzo! Mwaka baada ya mwaka, nguvu bado zile zile!"

"Nilizaliwa nazo!" Genzo alijibu.

Nyuma, Isuzu alisimama kidogo kufuta jasho. Mkokoteni nao ukasimama.

"Mbona umesimama sasa?" Bunji aliuliza.

"Nimesimama nikusalimie vizuri, jirani," Genzo alisema.

Isuzu alicheka, akaificha sura yake nyuma ya bati. Kisha kicheko kikamkatikia mdomoni. Aliitazama ile kona. Aliutazama mkokoteni, mzigo wake ukiwa nyuma na chini, na mumewe mbele, mwepesi, akiongoza tu. Miaka yote hiyo walikuwa wameipita kona hiyo, na mkokoteni haukuwahi kupinduka hata mara moja.

Wanaume wa Orizaka hawampokei mgeni kabla ya kuoga. Mchana Genzo alichukua taulo lake na kushuka kwenye bafu la mtaa, na Isuzu alijua kwamba mumewe akiingia katika maji ya moto hatoki upesi. Akachukua bisibisi.

"Towa, mwanangu, njoo ushike hapa."

Towa alikuja, mtoto mgongoni. Alipoona mama mkwe wake amekifungua kichwa cha treni na kukitoa utumbo wote juu ya kitambaa, alishika mdomo.

"Mama! Baba akijua?"

"Atajua. Ila ajue baada ya chai."

Nyuma ya kichwa kulikuwa na behewa la makaa, fupi na la chini, lenye kilima cha makaa ya bati kwa juu. Isuzu aliking'oa kilima hicho kama mfuniko. Akailaza betri chali ndani ya behewa, akaweka mota kando yake, na Towa, ambaye vidole vyake vilikuwa vyembamba, akaunganisha waya na swichi. Wakarudisha makaa juu. Kichwa kikabaki na dohani yake, kengele yake na madirisha yake, na ndani hakuna kitu.

"Na ikianguka tena?" Towa aliuliza.

"Ikianguka, nitakusaidia kubeba furushi."

Hawakupata nafasi ya kuijaribu. Sauti ya Genzo ilisikika njiani, na pamoja nayo sauti ya mgeni. Walikuwa wamekutana kwenye bafu.

Bwana Kuze alikuwa mtu mnene mwenye miwani, na kilima kilikuwa kimemtoa pumzi. Aliketi mbele ya meza ya duara. Isuzu akaleta chai. Genzo akainama, akaisukuma swichi ndogo iliyokuwa chini ya behewa. Alikuwa na furaha mno, hata hakujiuliza imehamaje kutoka pale alipoiacha.

Treni ikaenda. Ikafika konani, na Isuzu akafumba macho. Hakusikia bakuli wala kikombe. Alipofumbua, treni ilikuwa imezunguka meza nzima, nayo ilikuwa ikizunguka tena, kwa sauti nyembamba kama ya nyuki aliyeshiba.

"Ahaa," alisema Bwana Kuze.

"Ni magurudumu," Genzo alisema, kifua mbele. "Niliyapunguza. Tazama kichwa kinavyovuta!"

"Kinavuta vizuri," mgeni alikubali. "Kina nguvu kiasi gani?"

Hapo Isuzu akasogeza bakuli mbele. "Baba Tamotsu," alisema, "mgeni hajaonja achari."

"Ataonja. Kwanza nimwonyeshe. Bwana Kuze, nitakiondolea mzigo, ukione kinavyokimbia kikiwa peke yake."

"Baba Tamotsu, chai inapoa."

"Ipoe!" Na mzee akanyoosha vidole viwili, akakifungua kichwa kutoka kwenye behewa la makaa, akakinyanyua.

Aliyetengeneza vichwa maisha yake yote hahitaji kuambiwa. Kichwa kililala kiganjani mwake, chepesi kama ganda la yai. Genzo akaganda. Na mezani, mbele ya macho ya wote, behewa la makaa halikusimama. Lilikwenda lenyewe, likiyavuta mabehewa ya nyuma, likipita konani bila haraka.

Towa alirudi nyuma hadi mgongo wa mtoto ulipogusa ukuta. Isuzu alimtazama mumewe, na mumewe alimtazama yeye, na alichokiona machoni mwa mzee hakikuwa hasira bado. Ilikuwa aibu ya mtu aliyevuliwa kanzu mbele ya wageni. Kutoka pale, hasira ilikuwa hatua moja tu. Angeweza kusema treni imeharibika. Angeweza kuizima, akamwomba mgeni msamaha, akarudisha betri mahali pake pa heshima. Na furushi lilikuwa pale mlangoni.

"Bwana Genzo," mgeni alisema taratibu, "kichwa unacho mkononi. Sasa hiki kinachokwenda ni kitu gani?"

Mzee alilitazama behewa likizunguka. Halafu akauliza, "Bwana Kuze, ulipokuwa unapanda kwetu, uliona mikokoteni?"

"Niliiona."

"Uliwaona wanaume mbele?"

"Wote walinisalimia. Watu wa adabu sana."

"Na nyuma ya mikokoteni, uliona nini?"

Bwana Kuze alifikiri. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Sikuangalia," alisema.

"Hakuna anayeangalia," Genzo alisema. "Nami nimo."

Akakiweka kichwa juu ya reli. Behewa la makaa likaja kutoka nyuma, likakigusa kwa sauti ndogo ya bati, na kichwa kikaanza kwenda, kengele na dohani na madirisha yake yote, kama bwana anayesalimia mtaa. Ungekitazama, ungeapa kwamba ndicho kinachovuta.

Bwana Kuze alianza kucheka. Alicheka hadi miwani ikamteleza. Alimwomba mzee akitoe tena na kukirudisha tena, na kila mara behewa lilipokikuta kichwa, alipiga goti lake kwa kiganja. Kisha akanywa ile chai iliyopoa na kusema kwamba anataka treni hizo nyingi kuliko mikono ya Orizaka ingeweza kutengeneza, na kwamba wale waliohama waitwe warudi.

Isuzu aliketi. Pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu mchana ilimtoka yote kwa pamoja, na machozi nayo yakafuata. Alipoinua macho alimwona Towa amechuchumaa mlangoni, akitoa chungu cha uji kwenye furushi na kukirudisha jikoni.

Mgeni alipoondoka, Isuzu alingoja maneno. Genzo aliigeuza treni juu chini, akaikagua muda mrefu.

"Skrubu ya kushoto," alisema hatimaye, "umeikaza kupita kiasi."

Hayo tu. Lakini bati jipya lilipofika stesheni, naye Tamotsu amerudi na garimoshi lile lile, mzee alipita nyuma ya mkokoteni bila kuulizwa.

"Leo shika mbele wewe," alimwambia mkewe.

Isuzu akashika mbele. Kwa mara ya kwanza aliipanda njia ya Orizaka akiona milango badala ya mawe. Bunji alitoa kichwa dirishani, akabaki kinywa wazi. Isuzu alimsalimia vizuri, kwa kirefu, akiuliza habari za wote wa nyumbani kwake.

"Mama Tamotsu," sauti ilihema kutoka nyuma, "tunakwenda au hatuendi?"

"Nilidhani ulizaliwa nazo," Isuzu alijibu.

Treni za Orizaka zilienea. Bati lilipisha plastiki, reli zikapata madaraja na stesheni na mahandaki ya kukunja. Zikaja treni za kasi zenye pua ndefu, ambazo hazina makaa kabisa. Hata hizo, mafundi waliificha betri katika behewa la pili, na pua ile nzuri wakaiacha tupu.

Mtoto anapoifungua treni yake kwa mara ya kwanza, hushtuka. Huchungulia ndani ya kichwa na kukuta hewa, hudhani moyo umeibiwa, akaja mbio akilia. Kinu, ambaye sasa mvi zimemjaa na ambaye hutengeneza treni zilizoharibika, amewapokea wengi wa namna hiyo. Hukichukua kichwa, akakirudisha kwenye reli, akawaambia: "Hakijafa. Subiri kidogo." Nao husubiri, kamasi puani, hadi behewa linapofika, likakigusa kwa sauti ndogo, na kichwa kikaondoka. Hapo huvuta pumzi, wakacheka.

Na tangu siku ile ya chai iliyopoa, kichwa cha treni ndogo hukaa mbele, kitupu na chepesi, kikisalimia kona zote za meza. Na behewa la makaa hukaa nyuma yake, likisukuma.