Mfereji wa Fundi Shekiondo

Nianze? Semeni: anza! Nikisahau? Semeni: tutakukumbusha! Nikitia chumvi? Semeni: tia, bibi, tia! Haya. Wewe Shaibu, acha kumfinya mwenzako. Njoo ukae hapa nikuone.

Kale sana, kale ile ambayo hata bibi yake bibi yangu aliisikia tu kama nyinyi, kulikuwa na kijiji upande wa jua wa milima hii yetu ya Usambara. Jua, jua, jua. Maji yalikuwa nyuma ya mlima, asubuhi nzima kwenda na kurudi na mtungi kichwani. Na humo aliishi fundi mmoja, jina lake Shekiondo. Siku hizi mngemwita mhandisi mkampa gari. Wakati ule alikuwa na jembe lake, basi.

Mtu huyo alikuwa mcha Mungu, lakini si wale wa kukunja uso. Adhuhuri ikimkuta shimoni, anasali shimoni. Alasiri ikimkuta juu ya jiwe, anasali juu ya jiwe. Akimaliza anawaombea watoto wake watano, kila mmoja kwa jina, kisha mkewe Mwantumu, kisha mama mkwe wake Bibi Zaina. Huyo mama mkwe alimwombea kwa muda mrefu kuliko wote. Mnacheka? Mngemjua Bibi Zaina, nanyi mngemwombea.

Basi mwaka mmoja ukame ukazidi. Jumbe Kingazi, mkuu wa kijiji, akakusanya watu akasema, "Jamani, tumechoka. Iddi ikitukuta hatuna maji, tunahama. Tunashuka bondeni, sote."

Bibi Zaina miguu yake ilikuwa haifanyi kazi tena, hata kwa jirani hafiki. Akapaza sauti kutoka kibarazani kwake: "Hameni! Mimi sitoki. Na asinisogelee mtu kutaka kunibeba kama kuni!"

Maneno makali, ndiyo, lakini Mwantumu alimwona mama yake akifuta macho kwa upindo wa nguo. Akamwendea mumewe mbio. "Baba Salehe, mama hafiki bondeni. Tukimbeba atafia njiani, tukimwacha atafia hapa. Nifanyeje mimi?"

"Mama hahami," fundi akasema. "Yatahama maji."

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Maji yazunguke mlima? Kwa miguu ipi? Lakini fundi akaanza kuchimba mfereji, na wenye huruma wakamsaidia, na wenye aibu wakafuata.

Sasa sikilizeni alivyopima, maana mambo yote yako hapa. Aliweka kigoda chini, juu ya kigoda akaweka chombo cha mti kilichojaa maji, kimetulia sawasawa. Yeye analala kifudifudi, anachungulia juu ya maji yale. Mkewe anakwenda mbele hatua mia, anasimamisha chini mwiko wake mkubwa wa kupikia ugali wa shughuli. Mwiko ule ulikuwa mrefu kuliko kigoda na chombo chake kwa kidole kimoja. Kichwa cha mwiko kikilingana na maji, ujue pale mbele ardhi iko chini kidogo, maji yatateremka. Wanatia kigingi, wanachimba. Hatua mia, kigingi. Hatua mia, kigingi. Wapita njia wakauliza, "Huyu anasali au amelala?" Mwantumu anawajibu, "Piteni huko, mnanitikisa!"

Ukaingia mwezi wa Ramadhani, wakachimba na saumu zao. Siku ya ishirini na nane mfereji ukafika kijijini. Ngoma! Vigelegele! Wakafungua maji kule nyuma ya mlima, yakaja, yakaja, watoto wanakimbia nayo pembeni, yakaja... yakasimama. Hatua mia tatu tu kufika. Yakasimama kabisa, yakaanza kujaa na kumwagika kando.

Jumbe Kingazi akainama akayatazama. "Fundi, maji yako nayo yamefunga?"

Aa, kicheko kile kilimchoma Shekiondo! Akaleta kigoda, akalala kifudifudi apime upya. Mwantumu akasimamisha mwiko. Hapo hapo akagundua kosa. Ule mwiko wa kwanza ulivunjika siku alipokuwa akiwapikia wachimbaji uji wa futari. Akachukua mwingine jikoni, hakuwaza lolote. Na huu ulikuwa mfupi kuliko ule kwa vidole vitatu, basi mfereji ukapanda badala ya kushuka.

Angeweza kunyamaza, wajukuu zangu. Nani angejua? Lakini akasema mbele ya watu wote: "Baba Salehe, nimekuharibia. Mwiko si ule."

"Kumbe ni mwanamke!" mmoja akapiga kelele. "Kamponza mwenzake!"

Fundi akasimama na vumbi lake kifuani. "Nyamaza wewe. Ule uji uliunywa, tena ukaongezwa. Fundi hapa ni nani? Si mimi? Nimepima kwa kipimo nisichokikagua. Kosa ni langu, na nyumbani kwangu haligawanywi." Kisha akamgeukia mkewe, akasema taratibu, "Ahsante, mama Salehe. Sasa najua pa kuchimba."

Wakachimba upya, hatua zile mia tatu, chini zaidi kwa mkono mmoja. Siku mbili, midomo mikavu, hata jumbe alivua joho lake akaingia. Siku ya thelathini, jua halijazama, maji yakapita mbele ya kibaraza cha Bibi Zaina. Watu wanamngojea aseme.

"Mbona yana matope?" akauliza.

Kisha akaomba ashikwe, akatia miguu yake ile mle majini, akalia kwa furaha kama mtoto. Hakuna aliyehama.

Shekiondo aliishi sana baada ya hapo. Alichimba mifereji mingine, akaoza mabinti, akalea wajukuu, na kila kazi mpya aliianza kwa kuwasimulia watu habari ya mwiko, akicheka mwenyewe. Alipokufa, jeneza likiwa uani tayari kuondoka, mwalimu wa dini akauliza kama ada ilivyo: "Jamani, mnamshuhudiaje ndugu yetu huyu?" Watu walikuwa wakilia, hakuna aliyeweza kujibu upesi. Katika kimya kile maji yakasikika yakipita mferejini.

"Twendeni," mwalimu akasema. "Nimesikia."

Basi, wajukuu, ukikosea, sema mapema na kwa sauti, watu wapate kuchimba wakati jua bado lipo. Na ukiona mwenzako kasema, usimcheke, shika jembe.

Hapa ndipo nilipoachiwa, na hapa ndipo ninapowaachia. Aliyesikia akaongeze kuni, aliyesinzia akaoshe vyombo. Shaibu, nimekuona!