Kinu Hakijifuti Kinywa

"Kinu hakijifuti kinywa." Mmeisikia leo asubuhi kwa fundi aliyemrudisha Jonasi kwenye mashine, na sasa mnataka kujua imetoka wapi, kwa kuwa haimo katika kitabu chochote cha methali mlichosoma shuleni. Haimo kwa sababu vitabu hivyo vimeitangulia kuzaliwa. Ilizaliwa miaka ishirini na sita iliyopita kutoka katika kiwanda hiki hiki, hapa Muheza, na aliyeisababisha ni mimi. Kaeni. Nitaisimulia kwa mpangilio, maana nimekwisha kuisikia ikisimuliwa vibaya.

Wakati ule kiwanda kilikuwa na kinu kimoja tu cha nyundo, kile cha umeme kinachoponda kwa vyuma vinavyozunguka. Kinu hicho hicho kilisaga mdalasini, pilipili manga na pilipili kichaa, na siku nyingine kilisaga unga wa lishe wa watoto. Kilichosagwa kilipita kwenye chekeche, kikashuka katika bomba lililopinda tuliloliita kiwiko, kikaingia kwenye mashine ya kufungasha iliyojaza pakiti za nusu kilo. Kati ya pilipili na unga wa watoto ilikuwa lazima kusafisha, na namna ya kusafisha ilibandikwa ukutani. Unazima umeme na kutia kufuli kwenye swichi. Unafungua kinu, unasugua nyundo kwa brashi kavu, unatoa chekeche na kulikung'uta, kisha unafungua kiwiko na kukikwangua ndani. Maji hayaruhusiwi, kwa sababu unga ukilowa unakuwa gundi. Ukimaliza kurudishia, unasaga kilo mbili za pumba ili zifagie njia yote mpaka kwenye mashine ya kufungasha. Mwisho unaonja pumba zilizotoka mwisho. Jicho halitoshi, maana vumbi kidogo la pilipili ndani ya pumba halionekani. Ulimi ndio unaojua. Baada ya hapo unatia alama kwenye kadi na kuweka sahihi.

Siku ninayoisema ilikuwa Alhamisi, katikati ya mwezi wa Ramadhani. Tulikuwa tumesaga pilipili kichaa tangu asubuhi. Nilisugua nyundo, nikakung'uta chekeche. Kiwiko kilikuwa na bolti nne, na moja ilikuwa imelika kichwa. Kuifungua kulichukua karibu nusu saa. Sikukifungua. Nilipitisha pumba, zikatoka safi machoni.

Stefano Mhina, mwenzangu aliyeendesha mashine ya kufungasha, alikuwa amesimama upande wa pili. Aliniuliza, "Dada Mwanahamisi, umeonja?"

"Nimefunga."

"Mimi sijafunga. Lete nionje."

"Pumba za nini, Stefano? Umekuwa kuku?"

Alicheka, akaacha. Nilitia alama katika visanduku vyote vitano, kile cha kiwiko na kile cha kuonja vikiwemo, nikaweka sahihi.

Msije mkadhani ilikuwa uchamungu. Nilijua, kama ajuavyo kila mpishi, kwamba mwenye haja anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, na swaumu yake ikabaki. Isitoshe, Stefano alikuwapo. Kilichonizuia ni uvivu, nami niliuvika kanzu.

Ijumaa tulisaga unga wa lishe. Kinu cha nyundo hutikisika, na kwa kutikisika kwake pilipili iliyoganda kwenye kiwiko ilibanduka vipande vipande na kuangukia kwenye pakiti. Baadaye tulikadiria kwamba pakiti sitini hivi ziliharibika. Hazikuharibika sawa, nyingine zilikuwa na chembe tu, nyingine zingemliza mtu mzima.

Siku kumi zilipita. Kisha mwenye duka wa kijiji cha Kwemhosi alirudisha pakiti nne alizorudishiwa na wateja. Meneja wetu, Mzee Hozza, alichukua pakiti ya Ijumaa ile iliyokuwa imewekwa akiba kabatini, akakoroga uji kwenye jiko la ofisini, akampa Stefano auonje. Stefano alionja, akakimbilia maji. Mzee Hozza akatoa kadi.

"Sahihi hii ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Kiwiko ulikifungua?"

Nilitazama ile kadi.

"Kifungue sasa."

Nilikifungua mbele ya wafanyakazi wote. Ndani mlikuwa na ganda jekundu, nene kama kidole. Watu walipiga chafya. Hakuna aliyenicheka, na ningeona nafuu kama wangenicheka.

"Pakiti zilizobaki tutazikusanya kwa gari," Mzee Hozza alisema. "Kwemhosi utakwenda wewe. Watu wale walilisha watoto wao. Siwezi kuwapelekea karatasi."

Huko Kwemhosi, mwenye duka alinipeleka nyumba tatu zilizonunua unga ule. Katika mbili walinigombeza, wakapokea pakiti mpya, yakaisha. Alipofika karibu na nyumba ya tatu alisita. "Hapa ni kwa Bi Salha," akasema. "Hapa kuna jambo. Ingia mwenyewe."

Kibarazani alikuwepo Bi Salha, mama mtu mzima, na mwanamume mmoja mgeni aliyekaa bila kuvua viatu. Mlangoni alisimama mwanamke kijana aliyembeba mtoto mgongoni, na miguuni pake palikuwa na furushi la nguo limefungwa. Huyo alikuwa Mwantumu, mke wa mwana wa Bi Salha. Mgeni alikuwa mjomba wake, amekuja kumchukua.

Nilitoa salamu, nikaeleza shida iliyonileta. Nilieleza hivi: "Mama, kuna pakiti za unga wetu ambazo zimeingia pilipili."

Bi Salha alinitazama. "Zimeingia pilipili. Pilipili ilikuja kwa miguu?"

"Ilitokea kasoro katika kusafisha."

"Nani alisafisha?"

Mjomba akageuka. Mwantumu akaacha kumbembeleza mtoto.

"Ni mimi," nikasema.

Bi Salha aliingia ndani, akarudi na pakiti iliyofunguliwa. Alinimwagia unga kidogo kiganjani. "Onja."

Na hapa ndipo ninapoona haya mpaka leo, kuliko kwenye kiwiko. Nilisikia neno likinitoka lenyewe: "Nimefunga."

"Mtoto hakufunga," alisema Bi Salha.

Nilionja. Nilitema, machozi yakanitoka, na ulimi uliwaka hadi nilipofika nyumbani. Mtoto yule, Athumani, alikuwa na miezi kumi. Kliniki walikuwa wamemwambia mama yake ampe uji wa lishe kwa sababu uzito ulikuwa haupandi.

Ndipo nilipoelezwa yaliyotokea. Siku ya kwanza mtoto alipiga ukelele, akakataa kikombe. Mdomo ukimwasha, akakataa na titi pia. Uji ule hakuna mtu mzima aliyeuonja. Ulikuwa mwezi wa kufunga. Bi Salha aliona mtoto analia kifuani kwa mama yake, akakata shauri kwamba Mwantumu amejipaka pilipili ili amwachishe ziwa kabla ya wakati, kama wafanyavyo wengine. Mwantumu alikana. Hakuaminiwa. Bi Salha alikuwa akimnusa kanga kila anapotaka kunyonyesha. Mume alipelekewa habari, akasema mke wake arudi kwao kwanza. Kila siku mtoto alipewa uji ule ule, na kila siku lawama ilimwangukia mama.

Bi Salha alikaa chini. "Mwanangu," akamwambia Mwantumu, "kwa nini hukuniambia nionje uji?"

"Nilikwambia, mama. Ulisema natafuta pa kusingizia."

Mwantumu akanigeukia. Hakupaza sauti.

"Dada, siku zote hizi nimeoga mara tatu kwa siku, mama akinitazama, ili aamini kifua changu ni safi. Nimemfuta mwanangu kinywa mpaka midomo imechubuka. Na kinu chenu? Kinu hakijifuti kinywa. Kilikuwa na mtu wa kukifuta."

Nilisema nisamehe. Alisema amesikia. Akachukua furushi lake, mjomba akainuka, wakaondoka. Nilidhani ukweli ungemfungulia furushi pale pale, lakini haikuwa hivyo. Bi Salha alimfuata kwao baada ya Idi, na alikwenda mara mbili ndipo Mwantumu akakubali kurudi. Uzito wa Athumani ulishuka kwa robo tatu ya kilo. Nilionyeshwa kadi ya kliniki, na mstari wake nikiuchora leo sikosei. Ulichukua miezi mitatu kurudi ulipokuwa.

Mjomba yule alikuwa mchuuzi wa magulioni. Aliichukua kauli ya mpwa wake akaenda nayo kila gulio, akiwaambia watu wanaosubiri kosa lao lijiseme lenyewe, na wale wanaomkagua asiye na hatia wakamwacha mwenye hatia. Mwaka uliofuata mkulima mmoja alituletea magunia ya pilipili, akanikuta nafuta kinu. Akaniambia, "Vyema, bibiye. Wahenga walisema kinu hakijifuti kinywa." Kisha akanifafanulia maana yake, taratibu, kama anayemfundisha mgeni. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Sikumwambia kwamba wahenga hao ni mwanamke wa miaka ishirini na mbili, wala kwamba nilikuwepo aliposema.

Kwa hiyo, Jonasi, fundi hakukutukana. Aliona umetia alama kwenye kadi na bolti za kiwiko zina vumbi. Hakukuuliza kama umesafisha, kwa sababu angekupa nafasi ya kusema neno kama lile nililolisema mimi mara mbili. Amekurudisha mashineni tu, akasema: kinu hakijifuti kinywa.