Sindano ya Ugonjwa Uliokwisha

Wapendwa, tulieni kidogo. Leo nawaletea habari ya bwana mmoja aliyempenda mkewe kwelikweli, na mapenzi hayo nusura yamuue mama wa watu.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mnene wa mwili, na kisukari kilikuwa kimemwandama miaka mingi. Huyo bwana, Baba Tumsifu, hakuwa mume wa maneno matupu. Kila asubuhi, kabla hajagusa chai yake, alimchoma mkewe sindano ya insulini kwa mkono wake mwenyewe. Kopo la sukari alilifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni. Mnacheka? Wangapi humu mnachungwa hivyo hivyo?

Basi mama akafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, ili uzito umshuke. Siku ya kuruhusiwa, daktari akawaketisha wote wawili.

"Baada ya upasuaji huu homoni za mwili zinabadilika," akasema. "Njaa inapungua, na insulini ya mwili wenyewe inaanza kufanya kazi vizuri. Sukari inaweza kushuka hata kabla uzito haujapungua. Kwa mama imeshashuka, kwa hiyo sindano nimezisimamisha. Mpime kila asubuhi, unipigie simu."

Baba Tumsifu akaitikia kwa kichwa, moyoni akaguna. Alimtazama mkewe akipanda gari: mwili ule ule, gauni lile lile limembana. Sukari imeshuka, imekwenda wapi? Daktari huyu kamjua mama juzi tu. Yeye kamuuguza miaka yote. Kesho yake asubuhi, nyumbani, akavuta dawa kwenye sindano, dozi ile ile ya siku zote.

"Baba Tumsifu, si tumekatazwa?"

"Tulia, mke wangu. Mimi ndiye ninayekujua."

Mama akatulia, maana alizoea kuuamini mkono ule. Hata chai haijapoa, jasho likaanza kumtiririka, mikono ikatetemeka, akawa haoni vizuri. Bwana yule roho ikamruka. Na mnajua alifanya nini? Alidhani sukari imepanda. Akakimbilia sindano nyingine!

"Sukari," mama akanong'ona. "Nipe sukari."

"Sukari ndiyo inayokuua!"

"Basi nipime kwanza. Nakuomba, nipime."

Akamtoboa kidole. Kipimo kikaonyesha sukari iko chini kuliko alivyowahi kuiona. Sindano ikamponyoka. Sukari iko wapi? Kabatini. Ufunguo je? Mfukoni mwake. Akafungua huku analia, akakoroga sukari kwenye maji, akamnywesha funda kwa funda mpaka mama akaweza kukaa mwenyewe.

Mama alipopata sauti hakumgombeza. Alisema tu, "Baba Tumsifu, ulikuwa unamtibu mwanamke ambaye hayupo tena. Mimi nilikuwa hapa, nakufa."

Sasa turudi kwetu sisi. Si tunaimba humu kwamba Mungu anabadilisha watu? Tunaimba, tena kwa sauti nne. Halafu kijana aliyeacha pombe akija kututembelea, tunaficha pochi. Binti aliyetubu akishika simu, tunatega masikio. Kwa nje tunamwona yule yule, basi tunamchoma sindano ile ile ya zamani, kila kukicha, na tunasema tunampenda. Kumbe tunampenda kweli, ndiyo maana mkono hautetemeki. Na lile neno jema ambalo lingemrudishia uhai tumelifungia, ufunguo tunatembea nao.

Najua kuna jina limekujia sasa hivi. Huyo huyo. Tukitoka hapa nenda ukakae naye, umuulize habari zake za leo, usimuulize za zamani. Huenda hajapona, sawa, utakuwa umejua. Lakini mpime kwanza, ndugu yangu, kabla hujamchoma.