Kompyuta Moja, na Neno "Mpe"

Bisha. Bisha tu, nimezoea kubishiwa na waliosoma. Mimi shule niliiaga kidato cha pili, lakini kisa hiki nakijua kuliko walimu wako wote ukiwajumlisha.

Muheza palikuwa na vijana watatu waliotengeneza mchezo wa kompyuta usio na picha. Unasoma maneno, unaandika amri: nenda, chukua, fungua. Nyamizi alijua kusikiliza watu. Chausiku hasahau kitu, hata ulichomkosea chekechea. Kibwana alikijua Kiswahili mpaka mifupa yake, na sura anayo, ingawa hamjaniuliza.

Shida ilikuwa hii. Mchezaji akiandika "fungua" akaishia hapo, mchezo ulijibu "Sijaelewa," naye akainuka zake.

Nyamizi akasema, "Mtu akikwambia fungua, si unamuuliza?" Akaufundisha mchezo kuuliza: "Fungua nini?"

Mchezaji akajibu, "Mlango." Mchezo ukasema, "Mlango umefanyaje?" Ulishasahau swali lake wenyewe! Chausiku akaufundisha kuishikilia ile "fungua" mpaka jibu lije, kisha uviunganishe.

Wengine wakaandika "lifungue," kitu hawakitaji. Kibwana akacheka. "Jamani, si kashakitaja! Chumbani mna mlango, kitabu na sanduku. Angetaka mlango angesema ufungue. Kitabu, kifungue. Hiyo li ni ya sanduku, hakuna kingine." Akaufundisha kuisikia li.

Siku ya mashindano ya michezo ya kompyuta mwamuzi, Bi Tunu, akaandika "fungua." Akaulizwa fungua nini. Akajibu "mlango," ukafunguka. Akaingia chumba cha ndani, akaandika "lifungue," sanduku likafunguka, akaumaliza mchezo.

"Huu unanielewa kuliko mume wangu!" akasema.

Mchezo wao ukashinda, ila zawadi ilikuwa kompyuta moja, ya mtu mmoja. Na chumba cha kompyuta walichokuwa wakiazima kilikuwa kinafungwa wiki ileile. Atakayeikosa, ndiyo basi tena.

"Usingeuliza, nani angebaki kucheza?" akasema Nyamizi.

"Na kuuliza halafu ukasahau umeuliza nini, huo si wazimu?" akajibu Chausiku.

"Nyie mmefundisha mashine adabu," akasema Kibwana. "Mimi nimeifundisha lugha."

"Kwani lugha ni ya mama yako peke yake?" akadakia Nyamizi.

Hapo ndipo walipoanza kutajana kasoro za nyumbani kwao. Marafiki wa miaka minne, wanaokula sahani moja!

Simu ya Bi Tunu ikaita, msiba. Akamwambia msaidizi wake Sufiani neno moja, "Mpe," akapanda pikipiki akaondoka. Ampe nani? Hiyo m inawaenea wote watatu.

Je, ungekuwa Sufiani, kompyuta umeikumbatia, ungempa aliyeuliza, aliyekumbuka, au aliyesikia lisilotajwa? Semeni, mabingwa wa vyeti.

Haya, kuna pande la kisa nimeliruka. Kibwana ni mimi. Sufiani alinikuta peke yangu ukumbini, akaniambia, "Kaka, Bi Tunu kasema nimpe, sasa nimpe na..."

Sikumwacha amalize. "Mimi. Tumeshakubaliana."

Wenzangu walikuwa nje, bado wanabishana.