Vidole vya Hammud

Wapokezi wa habari za waja wema wametusimulia kwamba mjini Palermo, katika kisiwa cha Sisilia, zama ambazo Waislamu wa huko waliishi chini ya mfalme wa Kinasara, walikuwapo wacha Mungu wawili waliofua sarafu ndogo za fedha, zile za kununulia mkate na zaituni. Hammud alisimamisha chuma chenye chapa juu ya kipande cha fedha, na Makhluf akakipiga kichwani kwa nyundo. Pigo moja, sarafu moja. Kinga ya vidole vya Hammud ilikuwa uaminifu wa mwenzake.

Siku moja Makhluf akapenyezewa neno sokoni, kwamba Hammud amemwambia msimamizi wa kazi yao, "Makhluf amezeeka, atafutwe mwingine." Hakuuliza. Alilimeza neno lile, likamkaa kama mwiba wa samaki kooni. Salamu akawa haitikii ila kwa kuguna, na nyundo ikashuka kwa hasira. Ndipo Ibilisi, laana ya Mungu iwe juu yake, akamnong'oneza: "Mkono ukiteleza kidogo tu, nani atajua?"

Makhluf akainua nyundo, akaviona vile vidole vimetulia chini yake. Akaiweka nyundo chini.

"Ndugu yangu, ondoa mkono," alisema. "Nina kinyongo nawe, na nimeiogopa nafsi yangu." Akamweleza yote, na neno la sokoni pia.

Hammud akauondoa mkono. "Nilijua umenikasirikia. Nyundo ilinieleza."

"Na bado ukauweka mkono?"

"Nilisema Bismillahi, nikauweka. Miaka yote hii tumeswali safu moja." Kisha akatabasamu. "Nilichomwambia msimamizi ni kwamba bega linakuuma. Nikaomba tubadilishane, nipige mimi, wewe ushike."

Makhluf akamkumbatia, huku analia, huku anacheka. Kesho yake wakabadilishana kweli, lakini Hammud hakujaaliwa shabaha. Sarafu zilitoka zimepigwa upande, nusu ya maandishi haipo, wauza mikate wakazicheka mpaka msimamizi akamrudisha kila mtu mahali pake. Hammud akawa anakuja na mafuta ya habasoda, akimchua mwenzake bega kabla ya kazi.

Enyi ndugu, Makhluf alisalimika kwa kuungama yaliyokuwa nafsini mwake mbele ya yule yule aliyemchukia, na hilo ni zito kuliko nyundo. Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi za kuuliza kabla nyoyo hazijahukumu.